Chokaa ya Kanisani

Katana tulimzika Bongwe, nyuma ya nyumba yake, katika kaburi lililojengewa kwa saruji na kupigwa vigae vyeupe kabla mwenyewe hajaingizwa. Wanawe walitaka jambo lifanywe vizuri. Jina lake lilichongwa kwenye jiwe la kununuliwa, na juu ya jina pakawekwa msalaba. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wazee wenzangu wa Kiislamu, tukanyamaza kwa heshima wakati wa nyimbo zao, na zilipokwisha nikamwendea mjane nikampa mkono wa tanzia. Mjukuu mmoja wa marehemu alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza kwa adabu, "Babu, wewe na babu yetu mlijuana wapi? Hotelini?" Nikamwambia kwamba tulichimba kanisa pamoja. Akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mzee aliyechoka. "Kanisa hujengwa, babu, halichimbwi." Nikamwambia lile lilichimbwa, na sikuongeza neno, kwa sababu gari lilikuwa limesimama na watu wananingoja. Lakini njia nzima ya kurudi Msambweni nilikuwa nikifikiri kwamba sasa aliyebaki ni mimi peke yangu. Katana akiwa hai tulikuwa wawili tunaojua kilichokuwa chini ya sakafu ile, na ingawa hatukuwa tukikizungumza, mzigo ulikuwa na watu wawili.

Mwaka ule wa kuchimba kanisa nilikuwa kijana niliyekwisha hitimu chuoni, Kurani nimeihifadhi sehemu kubwa, na kazi sina. Nilikuwa nikikaa kwa mjomba wangu Hamisi, katika kijiji kilicho kati ya Gazi na Msambweni, chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba na kidirisha kilichofungukia uani, karibu kabisa na jiko. Kidirisha hicho ndicho kilichonifunza mengi ya nyumba ile, maana kila lililosemwa jikoni lilinifikia pamoja na moshi. Mjomba alikuwa mchoma chokaa tangu ujana wake. Kufikia wakati huo saruji ilikuwa imekwisha mnyang'anya kazi, lakini mikono yake ilikuwa bado na mipasuko ya chokaa isiyopona, na kila asubuhi mkewe, Mkaza Mjomba Mwanasha, alimpaka mafuta ya nazi vidoleni kabla ya kumwekea chai. Nilikuwa bado kitandani asubuhi moja nikaisikia hodi ya Bi Agnesi, jirani yetu, bibi Mkristo mwembamba aliyetembea kwa fimbo na kuongea kama mtu asiye na haja ya fimbo.

"Hamisi, umesikia? Serikali inaleta watu waje wachimbe Kanisani."

"Wachimbe nini? Dhahabu?"

"Wamchimbe mamangu."

"Wewe Bi Agnesi," mjomba akasema huku akitafuna, "hata wafu huwaachi walale."

"Nataka nilale naye, ndiyo maana. Mwanasha, hebu nipe mahamri hayo, mumeo atayamaliza akipiga porojo."

Kanisani palikuwa ni mahali, si jengo. Palikuwa na mikorosho, vichaka vya miiba, na kuta za mawe zilizofika kiunoni, chini kidogo ya barabara. Wamishonari walikuja pale zamani za mababu, wakakaa na watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kanisa, nyumba za kulala, jiko na kisima. Ndio waliokuwa Wakristo wa mwanzo upande ule. Haikuchukua muda homa ikawamaliza wengi, wazungu wakaondoka, na waliobaki wakatawanyika, wengine wakasilimu, wengine wakaenda kaskazini. Bi Agnesi alizaliwa pale. Mamake, aliyeitwa Ruti, alikufa yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na yote aliyoyakumbuka ya maziko ni kwamba alishikwa na mwanamke mwingine nje, chini ya jua, na ndani wakiimba. Hakuolewa akadumu, hakuzaa akabakiwa. Katika watu wale wote alikuwa amebaki yeye peke yake, na alikuwa na haja moja tu duniani: azikwe ubavuni mwa mamake. Sasa shamba lote lile lilikuwa limenunuliwa na bwana mmoja wa mbali aliyetaka kujenga hoteli. Kabla ya ujenzi, wakubwa wakamtaka asubiri mahali pachimbwe na kuandikwa, na yeye akakubali hadi masika. Akakubali na jambo moja zaidi, kwa mdomo, mbele ya chifu: yakionekana makaburi, kipande hicho kitaachwa na kuzungushiwa ua, na bibi mwenye watu wake pale ataruhusiwa kuzikwa. Yasipoonekana, basi.

Nilikwenda kwanza kumuuliza sheikh wangu kama inajuzu Mwislamu kuchimba kanisa kwa ujira. Alikuwa akikata kucha barazani. Akanitazama, akasema, "Unachimba, husali. Ila chimba kwa adabu, maana hapo watu walimtaja Mungu." Neno hilo nimelishika hadi leo, na nimewapa wanafunzi wangu katika mambo mengine mengi. Mkubwa wa kazi alikuwa Daktari Mutua, mtaalamu wa mambo ya kale, mtu wa bara, mpole, kofia pana, Kiswahili chake cha haraka haraka. Alituajiri vijana wachache, mimi nikapangwa na Katana kwenye chekecheke. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mahali palifungwa kamba kama vyumba vidogo vya mraba, mtu mmoja akikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi, kidogo kidogo, na kila ndoo iliyojaa ililetwa kwetu tuitikise kwenye wavu tuone kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa shanga, misumari iliyoliwa na kutu, vigae vya vyungu, vipande vya chupa. Katana hakunyamaza. "Wenzetu wanachekecha unga," alikuwa akisema, mweupe wa vumbi hadi kope, "sisi tunachekecha vumbi. Jioni mamangu ataniuliza nimeleta pishi ngapi." Nikimkemea kwamba mahali ni pa ibada, ananijibu, "Kanisa ni letu, maalim. Wewe mgeni, tulia." Aliniita maalim kwa mzaha tangu siku hizo, kabla sijawa maalim wa kweli, na hakuacha hadi alipokufa.

Bi Agnesi alikuja kila siku isipokuwa Jumapili. Alijengewa kibanda cha makuti, akakaa humo na kopo lake la maji, akitazama. Yeye ndiye aliyetuonyesha pa kuanzia. Nyuma ya kanisa palikuwa na vichuguu vitatu virefu, vimeota majani mafupi, na kila mtu wa kijiji alijua kwamba hayo ni makaburi. Hakuna aliyelima hapo. Wachunga mbuzi waliwazuia mbuzi wao. Mjomba wangu alipokuwa akipita na mkokoteni wake zamani, alikuwa akizunguka mbali kwa heshima. Na kila Pasaka Bi Agnesi alikwenda na maua ya mwasumini, akayaweka juu ya kile cha katikati, kwa sababu moyo ulimwambia ndicho, akasali mpaka magoti yakamshinda. Basi Daktari akaweka kamba zake hapo, tukaanza. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Ndoo ya kwanza ilipotikiswa, kilichobaki wavuni kilikuwa maganda ya kombe. Ya pili, maganda ya kombe na miiba ya samaki. Tukaendelea, na kila ndoo ilikuwa hivyo: maganda, miiba, majivu, vigae vya vyungu vilivyoungua matako. Daktari alikuja, akachukua gamba moja akaligeuza kiganjani, akaenda kibandani akachuchumaa mbele ya bibi. Niliyasikia maneno kwa sababu chekecheke ilikuwa karibu.

"Mama, hii ni takataka ya jikoni. Walikuwa wanakula, wanatupa hapa. Si makaburi."

"Watakuwa chini zaidi, mwanangu."

"Tutaangalia chini, mama."

Tuliangalia chini. Chini palikuwa na mchanga mweupe ambao haukuguswa na mtu tangu uumbwe. Nikafunguliwa macho siku hiyo nikaona kitu kilichonitia baridi: kwamba kijiji kizima, Waislamu kwa Wakristo, kiliheshimu jaa kwa miaka na miaka kwa sababu lilifanana na makaburi tuliyoyazoea, kifusi kirefu nje ya nyumba. Wala hapana aliyekosea kwa ubaya. Tulijua jinsi makaburi yanavyokaa, tukayaona pale tulipotarajia kuyaona.

Kwenye nyumba ya Bi Agnesi nilikuwa nikitumwa mara kwa mara na kisahani, maana yeye na Mkaza Mjomba walibadilishana vyakula kama watu wa nyumba moja. Ilikuwa ya chumba kimoja na ukumbi, ndogo, na nyeupe kiasi cha kuumiza macho ukiingia kutoka juani. Kuta zilikuwa zimekandikwa kwa chokaa, laini kama ganda la yai, hazina ufa. Alikuwa akikaa kigodani, mgongo ameuegemeza ukutani, na kila mgeni alionyeshwa ukuta huo. "Chokaa ya Hamisi hii. Gusa. Siku za joto ndiyo baridi yangu." Jioni ile ya maganda ya kombe nilimpelekea viazi vya nazi na kipande cha nguru wa kukaanga. Alikula polepole, mgongo ukutani, akacheka, akaniambia, "Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nikiyawekea maua mabaki ya chakula. Mamangu alikuwa akinicheka huko aliko." Kisha akaacha kucheka. "Lakini yupo. Daktari anasema wakati mwingine walizika ndani, chini ya sakafu. Mimi nilishikwa nje na wao wakaimba ndani. Sasa naelewa. Kama kaburi lilikuwa nje, mbona waliimba ndani muda wote ule?" Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nimeishi sana, na nimeona watu wakipata tumaini, lakini sijaona tumaini lililoniogopesha kama lile.

Tukahamia ndani. Kanisa lilikuwa refu na jembamba, mlango upande wa machweo. Tulipoondoa vichaka na kifusi cha paa, sakafu ikatokea upande wa mlangoni: vibao vya mawe ya matumbawe, vimekatwa sawasawa, vimelazwa bapa kimoja baada ya kingine. Daktari alifurahi kama mtoto. Akatueleza kwamba mbele, karibu na madhabahu, ndipo walipolazwa waliofariki, kila mmoja chini ya kibao chake, na huenda vibao vya huko vimechongwa msalaba au jina. Bi Agnesi alisogezewa kigoda hadi ukingoni mwa shimo. Tulikwangua kuelekea mbele, siku baada ya siku, naye akitufuata kwa macho. Katikati ya kanisa vibao vikakoma. Mbele yake palikuwa na udongo mchafu mchafu, kijivu, na kadiri tulivyokwenda ulizidi kuwa mweupe. Daktari akasema huenda ni plasta iliyoanguka. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, Bi Agnesi amekwenda Ukunda kwenye sala, na sisi tulifanya kazi kwa sababu mawingu ya masika yalikwisha anza kukusanyika. Adhuhuri haijaingia, mwiko wa Daktari ukagonga kitu kigumu, akapangusa kwa brashi, kikatokea kipande cha kibao. Upande mmoja kilikuwa na msalaba mdogo uliochongwa. Upande wa pili kilikuwa kimeungua, kimekuwa chokaa, kikavunjikavunjika vidoleni.

Alipanua shimo hadi alasiri. Lilikuwa shimo la duara, kubwa, limeshika mahali pote pa mbele ya kanisa kutoka ukuta hadi ukuta. Ndani yake mlikuwa na tabaka la makaa, tabaka la chokaa, tabaka la makaa, tabaka la chokaa, hadi chini kuliko kaburi lolote. Daktari alikaa ukingoni, kofia mkononi. "Ni tanuri," akasema. "Mtu alichomea chokaa humu, tena na tena. Aling'oa vibao akavichoma hapa hapa, na kila akichota chokaa alishuka chini zaidi." Akachukua punje nyeupe kutoka kwenye wavu wetu. Huenda ni tumbawe, huenda ni mfupa. Akaisugua, ikawa unga. Akatuuliza, "Nani alikuwa anachoma chokaa huku?" Vijana wote walikuwa wa kijiji kile isipokuwa Katana, naye alikuwa amekula kwetu mara nyingi, na alikuwa ameishika mikono ya mjomba wangu kwa salamu. Alinitazama mara moja tu. Kisha akainama akaanza kutikisa wavu uliokuwa mtupu.

Chakula cha mchana kwetu Jumapili ile kilikawia, nilikikuta jioni: wali wa nazi, mchicha, papa wa kuchoma. Mjomba alikuwa ameningoja. Nilinawa, nikakaa, sikuweza kutia mkono kwenye sinia. Nikamuuliza mawe ya kuchoma alikuwa akiyatoa wapi. Akanijibu bila wasiwasi wowote, huku akinitengea mnofu wa papa upande wangu. Mengine alivunja ufukoni maji yakitoka, akasema, lakini mwaka aliochoma chokaa ya msikiti wetu, na miaka miwili mitatu baada yake, alitoa Kanisani, yalikuwa yamekatwa tayari.

"Ndani ya kanisa, mjomba?"

"Ndani, ndiyo. Nje kuna makaburi, nitagusaje? Niliwaambia na vibarua wangu, atakayekanyaga vichuguu vile simlipi. Nikatoa ya sakafuni tu. Na tanuri nikaliweka mle mle, kuta zinakinga upepo."

Mkaza Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji. Nikawaambia. Nilisema kwa maneno machache niwezavyo: vichuguu ni jaa, na waliokufa walilazwa chini ya sakafu. Mjomba aliendelea kunitazama kana kwamba sentensi haijaisha. "Ndani ya nyumba ya sala?" akauliza. "Watu wanasimama juu yao wakisali? Nani huzika watu ndani ya nyumba ya sala?" Hakuwa akibisha. Alikuwa akiuliza kweli, kama mtoto. Kwetu kaburi linakaa nje, lina jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, na mtu hukatazwa kulikalia, seuze kulikanyaga. Angeona jiwe moja tu limesimama, asingegusa kitu. Aliona mawe yaliyolala bapa, yanayokanyagwa, akaona sakafu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kulikuwa na vipande vyembamba, virefu. Nilidhani ni matumbawe ya matawi. Yakiungua yote huwa meupe." Kisha akainuka, akaenda uani, akaiosha mikono yake muda mrefu kwenye pipa, ile mikono yenye mipasuko, na Mkaza Mjomba akanizuia nisimfuate.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri tulikwenda kwa Bi Agnesi, mjomba na mimi. Mjomba alivaa kanzu. Bibi alipoiona kanzu alianza utani: "Leo posa? Umechelewa, Hamisi, meno yameisha." Mjomba hakucheka. Alikaribishwa mkekani, akaletewa uji wa mtama, akakiweka kikombe chini. Bibi akamwambia anywe kwanza, mtu haji kwake na tumbo tupu akaanza kusema. Akanywa chote, kisha akamwambia. Hakujitetea, hakumtaja kibarua yeyote. Alisema, "Bi Agnesi, mamako nilimchoma mimi. Sikujua. Vibao vyao nilivitia tanurini, na wao walikuwa chini yake." Nilidhani atalia au atamfukuza. Alikuwa ameegemea ukuta kama kawaida yake, fimbo mapajani.

"Kabla hujawasha moto," akauliza, "ulisoma?"

"Nilisoma. Sikuwahi kuwasha bila Fatiha. Nasoma, nawaombea waliotangulia, ndipo nawasha."

"Kila mara?"

"Kila mara, Wallahi."

"Basi amesomewa zaidi ya nilivyomsomea mimi," akasema Bi Agnesi. "Mimi nilisomea maganda ya kombe."

Mjomba alifunika uso kwa mikono. Bibi akamwambia aache, ni kazi yake alikuwa akifanya, na mtu hawezi kuona kupitia jiwe. Aliyasema vizuri, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgeni aliyevunja kikombe. Kisha akauliza jambo jingine. "Na chokaa ya nyumba yangu hii, ilikuwa ya mwaka upi?" Sisi wote watatu tulijua. Bi Agnesi alishika fimbo yake, akainuka kwa shida, akakivuta kigoda chake hatua chache kutoka ukutani, hadi katikati ya chumba, akakaa tena, mgongo hauna pa kuegemea. "Nendeni salama," akasema. "Mwanasha mwambieni kisahani chake nitakirudisha."

Daktari Mutua alijitahidi. Nataka hilo lijulikane. Alikwenda Kwale kwa wakubwa na kipande kile chenye msalaba amekifunga kwa pamba, akarudi, akaenda tena. Aliambiwa mapatano yalikuwa makaburi, na yeye mwenyewe ameandika tanuri. Kaburi moja je, lipo? Hakuweza kusema lipo. Masika yakaingia, mashimo yakajaa maji ya kijivu, tukafukia kila kitu kwa majembe, kuta na jiko na kisima na jaa, udongo uleule tuliouchekecha kwa mkono. Katana na mimi ndio tuliofukia upande wa mbele. Siku ya mwisho hakukuwa na mzaha. Mashine za hoteli zilifika barabara ilipokauka.

Niliendelea kupeleka visahani. Kila mara nilimkuta amekaa katikati ya chumba, wima, mikono juu ya fimbo, kuta nyeupe zikimzunguka. Joto likawa linamchosha, nikamwomba arudi ukutani kwenye baridi yake, akanijibu, "Utamwegemea mamako, wewe?" Chakula alionja tu, ili Mkaza Mjomba asiudhike. Alikufa kabla mwaka haujaisha, na hakuna ugonjwa uliotajwa. Alizikwa Msambweni katika makaburi ya watu wote, na mhubiri mgeni ambaye hakumjua, akamwita mara kwa mara "dada yetu huyu." Mjomba alisimama nje ya seng'enge muda wote, hakuweza kuingia. Hakuchoma chokaa tena, wala hakuna aliyemwomba, na hadi siku yake ya mwisho hakukubali kupakwa mafuta mikononi. Msalaba wa mti aliowekewa bibi uliliwa na mchwa. Nilipokwenda kumzuru miaka michache baadaye, mahali hapo palikuwa pameingizwa mtu mwingine.

Nimemshukuru Mwenyezi Mungu kwa mengi katika umri huu, kwa elimu, kwa watoto, kwa wanafunzi walionizidi, na namshukuru kwa mwaka ule pia, kwa kuwa nimeamrishwa kushukuru. Lakini sitamdanganya msomaji kwamba nimeiona hekima yake. Nimesubiri, na kusubiri ndiko nilikofundishwa, na bado sijaonyeshwa. Hoteli ile sijawahi kuingia. Wanaofanya kazi humo huniambia kwamba mahali pa mbele pa kanisa sasa ni pa kuegesha magari. Nyumba ya Bi Agnesi ilianguka. Mwaka jana vijana walibandua plasta ya zamani ya msikiti wetu ili watie marumaru, jambo jema, na kifusi chake wakakimwaga kwenye matope ya njia ya sokoni. Nilisimama nikatazama wanawake wenye vikapu wakikanyaga juu yake kupita. Ningewaambia nini?

Kila Alhamisi baada ya magharibi hukaa chumbani kwangu nikawasomea waliotangulia, na baada ya kuwamaliza watu wangu huwataja wengine. Katana nimemwongeza majuzi. Bi Agnesi na mamake Ruti nawataja tu kwa majina, siombi nisichoruhusiwa kuomba. Kilichobaki namwachia Mola wao. Nikifikia kwa Katana hugeukia upande wa Bongwe, nikifikia kwa mjomba hugeukia mnazi ulio kichwani pa kaburi lake, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, mtu hupenda kumwelekea anayemtaja. Nikifikia kwa wale wanawake wawili sijui nigeukie wapi. Hubaki nimekaa palepale, katikati ya chumba.